Mwani unaokufa Mlingotini: joto la dunia, mvua, au mbegu iliyochoka?

Swali la msomaji: "Nalima mwani Mlingotini, Bagamoyo. Kikundi chetu ni akina mama kumi na wawili. Cottonii yetu, aina ya mwani tunayolima, inageuka nyeupe na kukatika kila miezi ya joto ikifika, na mwaka huu hata mbegu hatukubakiza. Barazani kila mtu ana lake. Mmoja anasema ni joto la dunia, moshi wa viwanda vya wenzetu. Wa pili anasema dunia imebadilika tangu enzi za Nuhu, na haya mambo ya hewa ukaa ni hadithi za kutuzuia tusichimbe mafuta. Mzee wetu anasema ni sisi wenyewe tuliokata mikoko. Nani mkweli? Na tufanye nini kabla ya kaskazi ijayo?"

Dada yangu, hao watatu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Wa pili ameshika kidogo kuliko wenzake, na pengine ndiyo maana anapaza sauti zaidi.

Nianze shambani, kwa sababu siku hizi "joto la dunia" limekuwa kapu la kutupia kila kilichoharibika pwani, ilhali mwani una njia nyingi za kugeuka mweupe. Weupe huo, ambao wanunuzi na mabwana samaki huuita aisi-aisi, si ugonjwa kama malaria wenye kijidudu chake kimoja. Mwani ukishadhoofika, bakteria waliokuwa juu yake siku zote bila kuudhuru hupata mlango. Katikati ya tawi hulainika, hupauka, kisha wimbi likipita tawi hukatika. Kwa hiyo msimpe pesa yeyote atakayekuja na dawa ya aisi-aisi. Hakuna dawa ya kunyunyizia bahari. Kinachotafutwa ni kile kilichoudhoofisha mwani, na hicho hujulikana kwa kuangalia umekufa lini na umeanzia wapi.

Weupe wa joto huja siku mbili tatu baada ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, kati ya Januari na mwanzo wa Aprili, hasa bahari ikiwa shwari. Siri yake iko kwenye saa. Pwani yetu, maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na tena saa kama hizo usiku. Maana yake ni kwamba maji yaliyobakia shambani, ya magoti au ya kifundo cha mguu, hupikwa na jua kali mpaka bahari irudi mchana. Maji ya nje yenye nyuzi 29 yakinaswa kwenye dimbwi la namna hiyo hufika 33 na kupita. Cottonii hustawi kati ya nyuzi 25 na 30. Spinosum, aina nyingine ya mwani, huvumilia zaidi, ndiyo maana ya jirani inaweza kubaki wakati yenu imekwisha. Dalili ya joto basi ni hii: mashamba ya karibu na ufukwe hufa kwanza, ya nje hufuata au hupona, na vijiji jirani hulia wiki ileile.

Weupe wa mvua ni mwingine. Huja masika, siku ya pili au ya tatu baada ya mvua kubwa, bahari ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji ya mto ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu, kwa hiyo kamba zilizo karibu na uso wa bahari huumia kabla ya zilizo chini. Watu wa Bagamoyo wakiona maji machafu huulaumu Ruvu, lakini mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, na maji ya Ruvu huchukuliwa zaidi upande wa Saadani. Ninyi wa Mlingotini, mto wa kuuangalia ni Mpiji, ulio kusini yenu.

Ukikuta ncha zimekatwa safi kama kwa mkasi na hakuna weupe, huyo ni tasi. Tasi hana habari na mabadiliko ya tabianchi, ana njaa. Ukikuta nyuzinyuzi kama manyoya na vipele vyeusi kwenye ngozi ya mwani, hayo ni magugu ya baharini, na huzidi pale maji yasipotembea. Shamba lililobanana sana hujiletea yenyewe.

Kuna sababu nyingine isiyotajwa barazani, nayo ni mbegu. Mwani huu wa biashara asili yake ni Ufilipino. Kilimo chake cha kuuza nje kilianza Unguja mwaka 1989, kisha kikavuka bara. Tangu hapo kila mnachokiita mbegu ni kipandikizi cha kipandikizi. Fikirieni muhogo uliokatwa mashina yaleyale kwa zaidi ya miaka 30, bila kuingiza shina jipya kutoka nje: batobato ingeumaliza. Cottonii nayo imepungua nguvu za kukua na za kuvumilia shida. Kwa hiyo joto lilelile ambalo mwaka 1995 lingeupunguzia mwani kasi tu, leo linauua. Sababu mbili zimekutana, na anayetaja moja peke yake atawapa ushauri nusu.

Sasa joto lenyewe limetoka wapi?

Kila aliyelala pwani anajua kuwa usiku wa mawingu huwa na fukuto, na usiku wa nyota huwa na ubaridi. Jua halipo katika usiku wowote kati ya hizo mbili. Tofauti ni kwamba mawingu huzuia joto la ardhi lisitoroke kwenda juu. Hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, hufanya kazi ileile, ila haionekani na haiondoki asubuhi. Jambo hili halikubuniwa na wanasiasa wa leo. Eunice Foote, Mmarekani, aliweka hewa ukaa ndani ya chupa juani mwaka 1856 akaona inapata moto kuliko hewa ya kawaida. John Tyndall alipima mwaka 1859 ni gesi zipi zinazonasa joto. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Uswidi akapiga hesabu ya dunia itapanda nyuzi ngapi hewa ukaa ikizidi. Wakati huo Bagamoyo ilikuwa bado chini ya Mjerumani, na hapakuwa na bomba la mafuta la kugombaniwa na mtu.

Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, 280 zilikuwa hewa ukaa. Charles Keeling alipoanza kupima mlimani Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa zimefika 315. Sasa zimepita 420. Na tunajuaje kuwa nyongeza hiyo ni ya mafuta na makaa ya mawe, haikutoka kwingine? Kwa alama. Kaboni iliyo katika viumbe hai ina chembe chache za aina inayooza polepole, nusu yake hupotea kila miaka 5,730 au karibu na hapo. Mafuta yamelala ardhini mamilioni ya miaka, kwa hiyo hayana chembe hizo hata kidogo. Hewa ya dunia imekuwa ikipungukiwa na chembe hizo kwa namna inayolingana na kumiminiwa kaboni ya kale. Ni kama kuonja mchuzi: mpishi hahitaji kuona aliyeongeza maji.

Matokeo yake, muongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa na joto la nyuzi 1.1 zaidi ya ile miaka ya 1850 hadi 1900, na mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko wowote uliowahi kupimwa, karibu nyuzi 1.5 juu ya kiwango hicho cha zamani. Zaidi ya sehemu 9 katika 10 za joto la ziada zimeingia baharini. Bahari ya Hindi ya ukanda wetu imepanda karibu nyuzi 1 tangu katikati ya karne iliyopita. Nyuzi 1 nyumbani hata huisikii. Lakini mwani wenu kila Machi huwa tayari umesimama ukingoni, maji ya nje yakiwa 29 au 30. Nyuzi 1 ndiyo inayoutumbukiza. Matumbawe ni hivyohivyo. Maji yakizidi kwa nyuzi 1 kiwango cha juu walichozoea, na yakakaa hivyo wiki nne, matumbawe huanza kupauka. Yakikaa wiki nane, mengi hufa. Ilitokea mwaka 1998 pwani yote ya Afrika Mashariki, ikatokea 2016, na mwaka 2024 ikatangazwa kuwa matumbawe yanapauka katika bahari zote za kitropiki duniani.

Kuhusu yule wa pili, naye ana haki ya kujibiwa kwa hoja.

Anasema dunia imebadilika tangu zamani. Ni kweli kabisa, na ushahidi mko nao mbele ya macho. Katika enzi ya barafu bahari ilikuwa chini kwa mita zipatazo 120, na mkondo wa Unguja hauna kina hicho. Mtu angeweza kutoka Bagamoyo mpaka Unguja kwa miguu bila kulowa. (Pemba hapana. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita.) Lakini mabadiliko yale yaliletwa na kuyumba polepole kwa njia ya dunia kuzunguka jua, na joto lilipanda nyuzi chache kwa maelfu ya miaka. Sasa hivi nyuzi 1 imepita ndani ya umri wa babu na mjukuu. Kuwa moto wa msituni uliwahi kuwashwa na radi hakumwondolei hatia mwenye kiberiti mkononi.

Je, si jua? Nguvu ya jua imepimwa kwa satelaiti tangu 1978, na haijapanda. Zaidi ya hapo, kama jua ndilo lingekuwa limeongezeka, anga yote ingepata joto, ya chini na ya juu. Kinachoonekana ni anga ya chini kupata joto na ile ya juu sana kupoa, kama paa la nyumba iliyoziba matundu: ndani fukuto, juu ya paa baridi. Volkano nazo, zote kwa pamoja, hutoa hewa ukaa isiyofika sehemu 1 katika 100 ya ile itokayo kwa binadamu kila mwaka.

Akisema pia kuwa wataalamu wanabishana, hatakosea. Atakosea wanachobishania tu. Hawabishani kama kuna joto wala nani kalileta. Wanabishana hewa ukaa ikiongezeka mara mbili joto litapanda nyuzi ngapi: makadirio ni kati ya 2.5 na 4, na 3 ndiyo inayoaminiwa zaidi. Na ubishi mkali kuliko wote unatuhusu sisi hapa. Mitambo ya hesabu inasema Afrika Mashariki itapata mvua zaidi, lakini masika kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1980 yalikuwa yakipungua. Bado haijatatuliwa kwa nini. Vuli ni rahisi zaidi kuieleza: maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, vuli hufurika, kama ilivyofurika mwaka 2019. Kwa hiyo mtu akija kuwaambia kwa yakini kuwa masika ya miaka 20 ijayo yatakuwa madogo, au makubwa, mpeni kahawa na msiuze shamba.

Hata theluji ya Kilimanjaro, ambayo kila mhubiri wa tabianchi huianza nayo, ina maneno yake. Imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, hilo limepimwa. Lakini kupungua kulianza mapema, na sehemu kubwa ni kwa sababu hewa ya mlimani ilikauka, barafu ikawa inapotea juani bila kuyeyuka na bila theluji mpya ya kuifidia. Na mto Pangani hautegemei barafu ile. Unategemea misitu na mvua ya miteremko. Nayataja haya kwa sababu hoja mbovu inayotetea jambo la kweli hulidhuru jambo lenyewe siku ikigunduliwa.

Tuje kwa mzee wa mikoko. Huyu msimpuuze.

Bahari duniani imepanda sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi yake sasa imepita milimita 4 kwa mwaka. Kwenye ufukwe ulio tambarare, unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50, sentimita 20 za kwenda juu ni mita 10 za kuingia ndani. Si kidogo. Lakini pwani haisogezwi na kimo cha maji peke yake. Husogezwa pia na mchanga na matope. Nendeni Kaole, kwenye magofu. Ule ulikuwa mji wa bandari tangu karne ya 13, na leo kati yake na bahari pana matope na msitu wa mikoko. Bahari ileile inayopanda imerudi nyuma pale, kwa sababu mikoko imenasa tope. Kisha tazameni kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani. Kilikuwa na mivinje na vichaka, na kasa wengi walitagia pale. Miti ikatoweka, mchanga ukakosa wa kuushika, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Wakati ule bahari ilikuwa haijapanda hata hizo sentimita 20. Joto la dunia halikukizamisha Maziwe peke yake.

Kwa hiyo mikoko iliyokatwa kwa nguzo, kuni na mashamba ya chumvi, mchanga unaochotwa mitoni kabla haujafika ufukweni, matumbawe yaliyovunjwa kwa baruti na yale yaliyochomwa matanurini kwa ajili ya chokaa, hayo yote ni yetu. Mwani wenu unaguswa nayo hivi: mikoko huchuja tope la mvua, na miamba huvunja wimbi. Ila mzee akisema kupanda mikoko kutairudisha cottonii, hapo atakuwa amezidisha. Mkoko hauwezi kuyapoza maji ya bamvua ya Machi. Na mkipanda, msipande mkoko magondi kwenye mchanga ulio wazi kwa mawimbi, kosa linalofanywa kila mwaka mbele ya kamera na miche ikang'oka yote. Upande wa baharini huanza mlilana na mchu. Mkoko magondi hukaa kwenye tope la mikondo. Mkandaa hukaa nyuma yake.

Na mafuta? Hapa Tanga na Pwani mjadala huu una bomba lake. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati yake ziko kwetu. Mafuta yenyewe ni mazito kama nta, ndiyo maana bomba limewekewa mitambo ya kulipasha moto karibu nyuzi 50 yasigande njiani. Wanaharakati wamelipinga, na Bunge la Ulaya lilipitisha azimio dhidi yake Septemba 2022. Serikali zetu zikajibu kuwa waliotajirika kwa mafuta hawana uso wa kutukataza.

Pigeni hesabu wenyewe. Pipa moja likishateketezwa hutoa takribani kilo 430 za hewa ukaa. Bomba limesanifiwa kupitisha hadi mapipa 216,000 kwa siku. Hiyo ni kama tani milioni 34 kwa mwaka, nyingi kuliko za mafuta yote yanayochomwa Tanzania. Lakini dunia nzima hutoa zaidi ya tani bilioni 37 kwa mwaka, kwa hiyo bomba ni chini kidogo ya sehemu moja katika elfu. Mtanzania mmoja kwa wastani hatoi hata nusu tani kwa mwaka. Mmarekani hutoa kama 14. Anayesema bomba si kitu amekosea, na anayesema bomba ndilo litakaloiangamiza dunia amekosea zaidi. Mimi naona yule wa pili wa barazani kwenu amechanganya mambo mawili. Haki ya nchi maskini kuchimba mafuta yake ni hoja ya haki, na inaweza kutetewa barazani hata bungeni. Haiwezi kuwa ushahidi kwamba hewa ukaa hainasi joto. Joto halimuulizi mtu pasipoti, na akina mama wa Mlingotini ambao hawajawahi kumiliki hata pikipiki ndio wanaolipa kwa mbegu yao. Kwa ajili ya watu kama ninyi ndipo mkutano wa Sharm el-Sheikh wa 2022 ulikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu. Lakini msiache kupanda mkisubiri fungu la huko.

Kabla ya kaskazi, basi.

Nunueni kipimajoto cha kioo cha kawaida, kinachosoma mpaka nyuzi 50. Kila bamvua, saa sita mchana, kabla maji hayajarudi vizuri, pimeni maji kwenye shamba la ndani, la kati na la nje, na muandike kwenye daftari. Panaposoma 32 bamvua mbili mfululizo si mahali pa cottonii katika kaskazi. Pandeni spinosum hapo hata kama bei yake ni ya chini. Bora kilo ya bei ndogo kuliko kamba tupu. Cottonii irudisheni maji mafupi wakati wa kusi, Juni hadi Oktoba, maji yakiwa yamepoa.

Mbegu ya cottonii ya kaskazi iwekeni kina kirefu, mahali ambapo hata bamvua ikipwa kabisa maji yanamzidi mtu kimo: mita 2. Pawe na mchanga chini, mkondo unaoinamisha mwani bila kuuchana, na isiwe njia ya vyombo. Anzeni na kamba tano za mita 10, unene wa milimita 4 au 5, zilizonyooshwa kati ya kamba kuu mbili za milimita 12, zikiachana nusu mita. Vipandikizi vikae sentimita 20, kila kimoja gramu 100. Hivyo kamba moja inakula vipandikizi 50, kilo 5, na kamba tano kilo 25. Msizidishe. Kubananisha ni kuzuia maji yasipite, na hapo ndipo magugu huanza.

Nanga ndizo zinazowashinda wengi. Kila pembe iwe na magunia mawili ya mchanga ya kilo 50, jumla manane. Kamba ya nanga iwe mara tatu ya kina cha maji yakiwa yamejaa bamvua. Kina kikiwa mita 2 maji yakipwa, kitakuwa mita 5 na nusu yakijaa, kwa hiyo kamba ni mita 16 au zaidi kidogo. Ikiwa fupi, wimbi huivuta wima na kuling'oa gunia. Ikiwa ndefu huivuta kwa ulalo, na gunia huzidi kujichimbia. Magunia ya plastiki huchakaa kwa jua na msuguano, yatazameni kila mwezi.

Maboya ni chupa za lita moja na nusu, nne kwa kila kamba mwanzoni, mkiongeza hadi nane mwani ukikua. Zining'inizwe kwa uzi wa nusu mita, ili kamba ikae chini ya uso wa maji na sio juu. Mvua kubwa ikija, refusheni nyuzi hizo hadi mita 1 au zaidi, mwani ushuke chini ya lile tabaka la maji matamu. Kazi ya nusu siku inaokoa shamba zima. Chupa iliyopasuka iokotwe, kasa wasije wakaila.

Kwenye mawimbi, vipandikizi vya tai-tai, vile vinavyofungwa kambani kwa uzi, hukatika. Njia iliyofanyiwa kazi na Dk. Flower Msuya wa Zanzibar pamoja na wakulima ni wavu wa mrija: wavu mrefu kama soksi, mwani unasukumwa ndani kwa kipande cha bomba la PVC, na tawi likikatika linabaki ndani ya wavu. Ni ghali kuliko kamba, na wavu mchafu huwa mzito, lazima usuguliwe. Ubaya mkubwa wa kina kirefu, hata hivyo, si wavu: ni kwamba akina mama wengi hawajui kuogelea na hawana chombo. Msiende bila jaketi okozi, msiende mtu mmoja, na gharama ya mtumbwi iingizwe kwenye hesabu ya kikundi tangu mwanzo, la sivyo mwenye mtumbwi ndiye atakayelima mwani wenu.

Kamba moja ikizaa mara sita, kilo 5 huwa 30 mbichi, na zikikauka ni kama kilo 4, kwa sababu kilo 7 au 8 za mbichi hutoa moja kavu. Mwenye kuwaahidi zaidi ya hapo mwaka wa kwanza anauza kamba. Vuneni kabla ya bamvua za Machi, ambazo pamoja na za Septemba ndizo kubwa kuliko zote za mwaka, na mrudishe sehemu ya tano ya mavuno majini kama mbegu, hata bei ikiwa nzuri kiasi gani.

Mbegu ya kuanzia chukueni kwa wakulima wa maji marefu ambao yao ilipona kaskazi iliyopita. Kata ncha changa, ngumu, zenye rangi iliyokolea, kwa kisu kikali; kuchana kwa mkono huacha jeraha pana. Zisafirishwe alfajiri ndani ya gunia lililoloweshwa maji ya bahari, kivulini, na zifungwe kambani siku hiyohiyo. Zikianza kukauka njiani, lowesheni tena kwa maji ya bahari mliyobeba kwenye dumu. Msizimwagie maji ya kisima hata kidogo. Kwa mwani, ndoo moja ya maji matamu ni masika nzima.